Wiki ya Kumsamehe Mama Sindano

Mchungaji alipotangaza Wiki ya Msamaha, aliyefurahi kuliko watu wote kanisani alikuwa Mama Sindano, na furaha yake wala haikuwa ya kidini sana.

Agizo lenyewe lilieleweka hata kwa waliokuwa wanasinzia. Kila muumini, kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana, amtafute ndugu yake mmoja aliyemkosea, awe wa damu au wa ndoa, amfuate mpaka mlangoni kwake, amsamehe uso kwa uso. Akishasamehe atavaa utepe mweupe kifuani, upande wa moyo. Asiye na utepe asisogee mezani. Mchungaji alihubiri habari za yule baba aliyemwona mwanawe mpotevu kwa mbali, akatoka mbio kumpokea kabla mtoto hajamaliza hata kuomba radhi. "Alikimbia, wapendwa!" akapaza sauti. "Mzee mzima, na heshima zake, alikimbia! Wiki hii nataka kuwaona mkikimbia!" Mpiga kinanda akabonyeza ile sauti yake nyororo ya kuliza watu, na watu wakalia. Sauti ile ilikuwa haijawahi kushindwa.

Kazi ya kushona tepe alipewa Mama Sindano. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Mabibi harusi wote wa usharika ule walipita mikononi mwake, na kwaya yote ilivaa mishono yake. Jina la Sindano hakulipata kwa ushonaji peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa na ncha na tundu, ukichoma huku unavuta uzi nyuma yake. Alichukua satini nyeupe, akaikata vipande vyembamba, akawa anakunja kitanzi, anakifunga kwa mshono mmoja katikati, kisha anatia pini nyuma. Alipokuwa akikunja alikuwa akiimba.

Sababu ya kuimba ilikuwa mtoto wake wa mwisho, ambaye jina la nyumbani lilikuwa Kitinda. Kitinda alisali ibada ya kwanza, na mama yake alisali ya pili. Hilo halikutokea kwa bahati. Mama Sindano alikuwa akijibanza dukani ng'ambo ya barabara, akijifanya anachagua vitunguu, mpaka watu wa ibada ya kwanza watawanyike, ndipo atie mguu kanisani. Lakini mchungaji wa ibada zote mbili ni yule yule, na agizo ni lile lile. Kama ni kumsamehe ndugu, Kitinda angemsamehe nani mwingine duniani?

"Wiki hii lazima aje," Mama Sindano aliiambia cherehani yake. "Asipokuja, Meza ya Bwana haioni."

Kilichowatenganisha kilikuwa gauni. Kitinda alipofika wakati wa kuolewa, hakumpenda mwalimu, hakumpenda hata yule mwenye duka la simu aliyekuwa akipita pita na soda. Alimpenda seremala wa majeneza. Kwenye kibao cha karakana ya kijana huyo palikuwa na maneno matatu yaliyopakwa rangi nyeusi, Pumzika kwa Amani, na watu wakamwita Pumzika, naye akaitika. Mama Sindano aliposikia alishika kichwa. "Mkwe gani huyo, mji ukiwa na afya yeye analala njaa? Nikikohoa si atanitolea futi anipime!"

Hata hivyo gauni alilishona, maana fundi hakatai kazi. Alilishona kwa mwezi mzima, marinda madogo madogo kiunoni, vifungo vya kufunika kwa kitambaa mgongoni, pindo limeshonwa kwa mkono. Kitinda alilijaribu akalia kwa furaha. Siku moja kabla ya harusi, Mama Sindano akaketi asubuhi karibu na dirisha, penye mwanga, akachukua wembe, akalifumua. Hakulipasua. Fundi hapasui kitambaa. Alikata uzi mshono kwa mshono, rinda kwa rinda, akatoa vifungo, akafungua pindo. Jioni Kitinda alipokuja kuchukua gauni lake alikuta mezani vipande vimekunjwa vizuri na kupangwa kama nguo za mtoto mchanga, vifungo vimewekwa juu kwenye kisahani.

Akaolewa na gauni la kuazima lililompwaya mabegani. Mama yake hakwenda. Tangu hapo hawajasemezana, na mtoto wa Kitinda ameshaota meno na kuanza kuyang'oa. Na kila aliyethubutu kumuuliza Mama Sindano alipewa jibu lile lile: "Mimi sikulipasua. Kitambaa alikipata chote, hata uzi ningempa."

Sasa basi, Jumatatu ya Wiki ya Msamaha, alifagia mpaka nyuma ya kabati. Akatandika kitambaa kipya mezani. Akaweka mto kwenye kiti kizuri, kile kisicholegea. Akajaribu kwenye kioo uso wa mtu anayesamehewa: usiwe wa unyonge mno, mtoto asije akapanda kichwani, wala usiwe mkavu, asije akageuza. Akaandaa na jibu lake: "Nami nimekusamehe, mwanangu." Maana kwa mizani yake yeye, Kitinda naye alikuwa na lake la kusamehewa, yaani ukaidi. Kisha akaketi kwenye cherehani akingoja.

"Hodi!"

Akavaa ule uso wa kwenye kioo. Aliyeingia alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mlinzi mstaafu, mtu wa tumbo na heshima.

"Shemeji, nimekuja kwa jambo zito."

"Basi kaa. Jambo zito halisemwi kwa kusimama."

Shemeji alikaa kwenye kiti chenye mto. Mama Sindano alitaka kumwambia ahame, akajizuia.

"Shemeji," alisema yule mzee, akiangalia dari kama mtu anayekariri, "nimekusamehe."

"Mimi? Umenisamehe nini?"

"Ile suruali."

"Suruali ipi?"

"Unauliza ipi! Suruali ya harusi yangu. Nilipopiga magoti kubarikiwa ikapasuka nyuma, kanisa zima likaona. Mpaka leo nikipiga magoti kuomba nashika nyuma kwanza."

"Shemeji, nilikupima ukiwa na kiuno. Uliporudi kuichukua ulikuwa umekuja na kiuno na mwenzake."

"Unaona? Hata kwenye kusamehewa unajibu!"

"Haya, nimenyamaza. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nipe utepe."

Akampa. Shemeji akaubandika hapo hapo, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akatoka amefutuka kama jogoo.

Baada ya chakula cha mchana akaja wifi yake, mke wa kaka yake, mwenyekiti wa kina mama, mwanamke anayeingia nyumba ya mtu kama anayekagua. Hakukaa.

"Wifi, nimekusamehe."

"Na wewe? Kwa lipi?"

"Sitaki kulitaja. Bwana ameshafuta."

"Amefuta nini, wifi?"

"Limefutwa. Nikilitaja nitakuwa nimelifufua."

"Basi nidokezee tu. Ni la maneno au la vitendo?"

Wifi akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Limefutwa," akasema, akanyoosha mkono apewe utepe.

"Hata mwalimu," Mama Sindano alimpigia kelele akiwa mlangoni, "huwaacha watoto wanakili kwanza ndipo afute ubao!"

Siku hiyo hakushona tena. Alikaa akijiuliza ni lipi. Alikumbuka makosa ambayo wifi hangeweza kuyajua, na hapo akaanza kuogopa kwamba anayajua.

Jumanne ikawa msururu. Binti wa kaka yake, muuguzi, alikuja kumsamehe kwa sababu siku mtoto wake alipozaliwa Shangazi alichungulia ndani ya kanga akasema, "Maskini, kachukua kichwa cha baba yake."

"Sasa kachukua cha nani?" Mama Sindano akauliza.

"Shangazi, hilo silo suala!"

Wengine walimsamehe kwa pindo lililofumuka wakicheza, wengine kwa jicho alilowatupia msibani, na mmoja alimsamehe kosa la marehemu dada yake Mama Sindano, kwa kuwa mwenyewe hapatikani. Jumatano benchi la wateja barazani lilijaa kama la zahanati. Watu waliulizana nani wa mwisho. Mke wa shemeji na yule muuguzi wakagombana nani alitangulia kufika, wakaitana majina, na ikabidi wote wawili wasimame pembeni kidogo wapoe ndipo waingie kusamehe.

Mtaani kulikuwa na ndugu waliodhulumiana viwanja, na waliochukuliana waume. Hakuna aliyewagusa hao. Kusamehe kosa kubwa ni kazi, na wiki ilikuwa fupi. Mama Sindano alifaa: amekosea kila mtu, hajamuumiza sana mtu, na yuko nyumbani. Isitoshe utepe unaupata hapo hapo kwake, hupotezi nauli.

Yeye akawakaribisha wote. Aliwapa chai, akainamisha kichwa, akasamehewa. Lakini kila hodi ilipopigwa aliinua shingo kuelekea mlangoni, na kila mara shingo ilirudi chini.

Alhamisi akaja mume wa yule muuguzi, kinyozi, kijana mpole kupita kiasi, mwenye mikono inayonukia poda. Alikunywa chai yake hadi nusu, akakiweka kikombe, akakichukua tena.

"Sema, mkwe. Na wewe nimekukosea nini?"

"Ndiyo shida yenyewe, Shangazi. Hujanikosea."

"Basi tafuta aliyekukosea."

"Nimetafuta. Nyumbani kwetu wote ni watu wazuri. Kwa hiyo nilikuwa naomba..." Akakigeuza kikombe. "Shangazi, tafadhali nikosee kidogo."

Mama Sindano akaacha kukanyaga cherehani. "Nikukosee?"

"Kidogo tu. Kitu cha kusameheka."

Akamwangalia kwa makini kuanzia juu, kama anayempima koti. "Una masikio makubwa."

"Hilo ni kweli, Shangazi. Hata mama yangu anasema."

"Mkeo alikuokota tu, alikuwa amechoka kungoja."

"Kabisa. Kila siku namshukuru Mungu alichoka."

"Unanyoa kama mtu anayelima."

Kinyozi akacheka mpaka machozi. "Hiyo nzuri, Shangazi! Nitawaambia wateja."

"Ebo! Wewe hukosewi?" Mama Sindano akasimama, akachukua birika lililokuwa mbele ya mgeni, akalirudisha jikoni, akarudi. "Basi chai huongezewi."

Kinyozi akatazama kikombe chake. Akatazama mlango wa jikoni. Uso ukamshuka. "Imeuma," alisema taratibu, kisha akang'aa. "Imeuma kweli, Shangazi! Asante. Nimekusamehe."

Alipokuwa akibandika utepe wake alisema, bila nia yoyote, "Jana nilipita kwa Kitinda."

Sindano ikasimama hewani. "Hajambo?"

"Hajambo. Alikuwa anashona bitana ya jeneza, marinda pembeni yote, utadhani shela. Nikamuuliza, ameshamsamehe nani? Akasema bado anajaribu."

"Anajaribu?"

"Ndivyo alivyosema. Anajaribu."

Alipoondoka, Mama Sindano alilirudia neno lile mara nyingi. Mwanzoni lilimfurahisha: anajaribu, basi yuko njiani. Kufikia jioni lilikuwa limeanza kumchoma. Watu wote hawa walimsamehe wakiwa wanakoroga sukari. Mwanawe anajaribu. Mtu hujaribu kuinua kitu kizito.

Ijumaa hakuja. Jumamosi Mama Sindano hakufungua cherehani. Alikaa mkabala na mlango, mikono mapajani, chai inapoa mezani. Mara mbili alidhani ameona kitenge anachokijua kikikata kona ya mtaa, mara mbili kikatoweka. Akasema moyoni, mtoto gani huyu mwenye kiburi, ameshindwa hata hatua hizi chache. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini mtoto kwa mama yake anashindania nini?

Jumapili ibada zote mbili ziliunganishwa. Kanisa lilijaa mpaka viti vya plastiki vikatolewa nje, na kila kifua kilikuwa na utepe mweupe. Mama Sindano alikaa safu ya mbele kama alivyoagizwa. Kifua chake kilikuwa kitupu, maana yeye alisamehewa tu, hakusamehe.

Wakati wa ushuhuda ukafika. Shemeji akasimama: alimsamehe ndugu mmoja, jina halitaji, aliyemvua nguo mbele za watu. Wifi akasimama: alimsamehe ndugu mmoja, kosa halitaji. Muuguzi alimsamehe ndugu mmoja mwenye ulimi. Kinyozi alimsamehe ndugu mmoja aliyemnyima chai, akasema bado analipigania katika maombi. Kila ushuhuda ulipoisha vichwa viligeuka kidogo kuelekea safu ya mbele. Kanisa zima lilijaa wenye kusamehe. Mkosaji aliyehudhuria alikuwa mmoja.

"Mama yetu, njoo!" mchungaji akaita, na kinanda kikaanza unyororo wake. "Huyu, wapendwa, amesamehewa kuliko mtu yeyote tangu usharika huu uanzishwe! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Akambandika utepe kwa mkono wake mwenyewe, wa heshima. Mama Sindano alisimama pale mbele, na licha ya yote alijisikia vizuri, kama bibi harusi.

Kumbe mzee wa kanisa alikuwa akizunguka na kipaza sauti kutafuta waliobaki. Akafika karibu na dirisha, akamwinamia mwanamke mmoja. "Dada, utepe wako umedondoka?"

"Haujadondoka," Kitinda alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. "Sikuuvaa."

"Hujasamehe?"

"Nimejaribu wiki nzima. Jana nilifika mpaka kona ya mtaa wake mara mbili, nikarudi. Sijamsamehe mama yangu. Nikivaa utepe nitakuwa namdanganya Mungu, na Yeye anaona hata chini ya bitana. Ninyi kuleni. Mimi nitakaa hapa."

Akaketi. Mpiga kinanda aliangalia vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Amina," alisema mchungaji, kwa kuwa ilibidi mtu aseme kitu. "Tumwombee dada yetu, moyo wake ulainike."

Mama Sindano alikuwa bado amesimama mbele na utepe wa heshima. Basi kile kitenge kilikuwa chenyewe. Mtoto alifika mpaka konani na mzigo wake, akarudi nao, akaja tena, akarudi tena. Na mama mtu je? Alikuwa kwenye kiti akimwita mwenye kiburi. Hakuinuka hata kwenda mlangoni. Yule baba wa kwenye mahubiri alitoka mbio, na tena hakuwa amemkosea mtoto wake lolote. Yeye mwenye kosa ndiye aliyekaa, akaandaa mto, akangoja kuletewa msamaha nyumbani kama maziwa.

Akaushika utepe, akauvuta. Pini ikachana kidogo blauzi nzuri. Hakujali. Akaanza kutembea katikati ya viti kuelekea dirishani.

Kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, watu wakapanda juu ya viti. "Haleluya, mama anakwenda kumsamehe mwanawe!" alipiga kelele wifi. Kinanda kikapata kazi. Mchungaji akaja mbio nyuma yake na kipaza sauti, waya unaburuzika. "Wakumbatiane! Wapendwa, semeni nao: mkumbatiane!"

Kitinda alikuwa amesimama, mgongo umegota ukutani, macho makavu. Mama Sindano alifika mbele yake. Kipaza sauti kikaja katikati yao kama kijiko.

"Mchungaji," alisema Mama Sindano, akakisukuma kando kwa kidole kimoja, "wewe endelea na mkate. Mimi nina shida na mwanangu, na huyu si mtoto wa spika." Kisha, kwa sauti ndogo: "Kitinda, tafadhali. Twende nje."

Kitinda alimwangalia. Neno tafadhali lilikuwa geni mdomoni mwa mama yake. Akatoka.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na bomba, na ndoo zilizoinamishwa, na maua ya Jumapili iliyopita yametupwa chini. Walisimama pale. Mama Sindano akakohoa.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi kwa lile gauni. Lakini unajua mimi siku zile nilikuwa..."

"Rudi ndani, Mama."

"Nimesema radhi!"

"Umesema radhi, umesema na lakini."

Mama Sindano akavuta pumzi. "Haya. Nilikukosea. Ingawa sikulipasua..."

"Hiyo ingawa ni lakini iliyovaa koti."

"Kitinda!"

"Miaka yote hii, kila mtu ananiambia: shukuru, mama yako hakulipasua. Sikulipasua, sikulipasua. Mpaka nikajiona mwendawazimu kwa kulia."

"Nilikuwa na hasira, mwanangu."

"Mwenye hasira hupasua. Wewe ulikaa kutwa nzima."

Ndani watu walianza kuimba wimbo wa kusogea mezani. Mama Sindano aliyatazama yale maua makavu. Alitafuta kila mahali penye kujiegemeza, hapakuwapo. Alipofungua mdomo tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo.

"Nilikaa dirishani kutwa nzima nikafumua gauni la mwanangu. Nilijua unalipenda. Nilitaka ulie. Nikavipanga vile vipande vizuri makusudi, na vifungo juu, ili ukiingia ulie zaidi. Basi. Ni hivyo tu."

Kitinda aliziba uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Mama yake alitaka kumshika, akaogopa, akabaki ameshika bomba.

"Hilo la kupanga," Kitinda alisema baada ya muda, akipenga kamasi kwa pindo la kitenge. "Hilo ndilo. Nilijua ulilipanga makusudi. Nilitaka tu mtu mwingine anayejua."

"Nilijua. Siku zote nilijua."

"Sijakusamehe bado, Mama."

"Nimesikia."

Wimbo ukafika ubeti wa mwisho, ukaanza tena, maana watu wenye tepe walikuwa wengi.

"Watakula wamalize," alisema Mama Sindano.

"Waache wale. Twende nyumbani, baba mtoto ameivisha maharage."

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana, na ili kuifikia ilibidi kupita katikati ya majeneza yaliyosimamishwa ukutani, mengine meupe, mengine ya rangi ya mbao, yakinuka gundi na vanishi. Mama Sindano alitembea amejibana mikono, asiguse kitu. Pumzika alikuwa anapukuta maranda kwenye nywele. Alipomwona akasimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... mkwe." Neno lilitoka kwa shida kama kifungo kikubwa kwenye tundu dogo, lakini likatoka.

"Karibu sana. Wewe ni wa kwanza kuingia hapa bila kulia."

"Ninalia," alisema Mama Sindano, na ilikuwa kweli.

"Aa. Basi karibu kama wengine."

Kitinda aligeuka upande, lakini kicheko kilimtoroka. Mama Sindano akasimama mbele ya yule seremala, akafungua mdomo. "Mkwe, na wewe nilikusema vibaya sana, ila..." Kitinda akakohoa. "Nilikusema vibaya sana," Mama Sindano akarudia, akaishia hapo, akahisi upepo ukipita mahali ambapo ila ingekaa.

"Mama, mimi kazi yangu nasikia marehemu wakisemwa vizuri tu, tena kwa kuchelewa," alisema Pumzika. "Wewe umewahi. Kaa."

Walikula kwenye meza aliyoitengeneza kwa mabaki ya mbao, wali na maharage. Mtoto wa Kitinda, mapengo mawili mbele, alimkodolea macho mgeni muda mrefu, kijiko mdomoni. Kisha akamwinamia mama yake akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Ndiye yule wa gauni?"

Kijiko cha Pumzika kikasimama. Kitinda akaangalia sahani.

"Ndiye," alijibu Mama Sindano kabla mtu mwingine hajajibu. "Ndiye mimi."

Mtoto akafikiri. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kula, bibi yangu. Nimepewa chakula."

Jibu lilimtosha mtoto, akaendelea na maharage yake. Kitinda alichukua upawa akamwongezea mama yake wali bila kumuuliza, kisha akaushikilia ule upawa hewani.

"Mama, nisikudanganye. Leo nimekupa chakula. Kesho sijui nitaamkaje. Naweza kuamka na ile hasira yote, kama vile hatujaongea."

"Ukiamka nayo usihangaike kuja mpaka konani. Kaa hapa hapa. Nitakuja mimi."

"Na keshokutwa?"

"Nitakuja."

Kitinda akarudisha upawa kwenye sufuria, akafunika.

"Basi pitia mlango wa uani," alisema. "Wa mbele asubuhi unazibwa na majeneza."